Kamshafti za 272 kwenye Corolla ya Nakuru: ninunue au niache?

Swali la msomaji: "Fundi, habari ya kazi. Nina Corolla 110 yenye injini ya 4A-FE, gia za mkono. Naishi Lanet, nafanya kazi mjini, na mara mbili kwa mwezi naenda Kisumu kuwaona wazazi nikiwa na mke na watoto wawili. Gari linachoka sana kupanda Mau Summit. Kuna jamaa ananiuzia jozi ya kamshafti za 272 bila karatasi yoyote. Anasema zinaongeza farasi 25 na gari litaamka. Nikienda kilomita 100 kwa saa, mshale wa mizunguko unasimama kwenye 2900. Ninunue?"

Usinunue, ndugu yangu. Kamshafti ni chuma chenye nundu kinachofungua na kufunga valvu, yaani milango ya hewa na moshi ya injini. Nimelitanguliza jibu kwa sababu najua muuzaji anavyomsukuma mtu mwenye pesa mfukoni. Sasa nikueleze sababu, kisha nikwambie ningefanya nini kama gari hilo lingekuwa langu, maana shida yako ya mlima ni ya kweli na ina dawa.

Kwanza hakikisha injini uliyo nayo ndiyo unayoidhania. Huku kwetu kila Corolla ya umbo lile huitwa 110, lakini msema kweli ni kibati cha chesisi. AE110 iliyotoka Japani huwa na 5A-FE ya lita 1.5, yenye 4A-FE ya lita 1.6 ni AE111. Pia muulize huyo jamaa kamshafti zake zilitoka kwenye injini gani. Nyingi zinazozunguka kwa jina la 272 ni za 4A-GE, injini ya kispoti ya Toyota, na hizo haziingii kwenye hedi yako (kichwa cha injini) hata ufanyeje. Kwenye 4A-FE mkanda wa taimingi unavuta kamshafti moja tu, na ya pili inazungushwa na gia iliyo kati yao. Kwenye 4A-GE mkanda unavuta zote mbili. Ukiona kamshafti haina gia mwilini, mazungumzo yameisha.

Tuseme zinaingia. Je, 272 ni nini? Ni digrii za mzunguko wa krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) ambazo valvu inakaa wazi ikiwa imesukumwa na nundu ya kamshafti. Tatizo ni kwamba kila mchongaji ana mahali pake pa kuanzia kuhesabu. Mmoja anaanza pale valvu inapotikisika tu, mwingine anangoja inyanyuke milimita 1, na Wamarekani wamezoea inchi 0.050, yaani milimita 1.27. Kamshafti ileile inaweza kuitwa 272 kwa kipimo cha kwanza na ikawa kama 230 kwa kipimo cha mwisho. Ndiyo maana kamshafti isiyo na karatasi mimi siipi bei. Unanunua chuma ambacho hujui kitafungua valvu lini, kwa kimo gani, wala kitaifunga lini.

Na hilo la mwisho, wakati wa kufunga valvu ya kuingiza hewa, ndilo linaloamua gari litavutaje. Pistoni ya 4A-FE husafiri milimita 77 kutoka juu hadi chini. Tuchukulie kamshafti ya kiwandani inafunga valvu ya kuingiza digrii 40 baada ya pistoni kugusa chini na kuanza kurudi juu. Wakati huo pistoni imeshapanda milimita 6 na nusu. Sasa weka 272 ambayo kilele cha nundu yake kimepangwa digrii 110 baada ya pistoni kuwa juu. Hiyo itafunga digrii 66 baada ya chini, na pistoni itakuwa imeshapanda karibu milimita 18. Weka kidole gumba chako kando ya silinda: upana wake ndio safari ambayo pistoni inaimaliza mlango ukiwa bado wazi.

Hewa iliyokuwa humo inaenda wapi? Kwa mizunguko ya chini inarudishwa kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa) ilikotoka. Umeivuta, kisha umeitema. Kwa mizunguko ya juu mambo hubadilika, kwa kuwa hewa inakuja kwa kasi kubwa na mwendo wake wenyewe unaifanya iendelee kujipenyeza hata pistoni ikiwa inapanda. Hapo ndipo 272 inapolipa, kuanzia mizunguko 4500 au 5000 kwenda juu. Wewe umeniambia barabarani uko 2900, na mjini, kati ya Lanet na kazini, sidhani kama unafika 3500. Ungekuwa umelipia ghorofa ambayo hupandi.

Sasa ongeza jambo ambalo watu wengi wanaosoma habari za kamshafti za Ulaya na Japani hawalitii hesabuni: tunaishi juu. Nakuru iko karibu mita 1850 juu ya bahari. Mombasa hewa inasukuma kwa kilopaskali 101 hivi, hapa ni kama 81. Injini yako, toleo la Japani, iliondoka kiwandani na farasi 115 kwa mizunguko 6000. Hapa Nakuru, kabla hujaigusa, imeshapoteza karibu farasi 20 kwa sababu ya wepesi wa hewa tu, na ukipanda Mau Summit inapoteza zaidi. Mahali ambapo injini ya Mombasa inashika vipimo 100 vya hewa, yako inashika 80. Ukiifungia 272 inayorudisha hewa nyuma kwa mizunguko ya chini, unashuka chini ya 70. Mlima uleule, gari lilelile, familia ileile, na hewa pungufu kuliko leo.

Hili nimeliona kwa macho. Miaka kadhaa iliyopita nilimfungia mteja kamshafti kubwa kwenye gari dogo la lita 1.6. Nilimwonya, akasisitiza, nami nikakubali, na hadi leo naona nilikosea kukubali. Tulitoka naye kulijaribu. Barabara tambarare ya kuelekea Rongai lilikimbia vizuri ukilikamua hadi 6000, na yeye akafurahi. Tulipofika Sachangwan tukakuta lori la mahindi mbele yetu. Gia ya tatu, kilomita 40 kwa saa, mizunguko 1800. Alikanyaga mafuta hadi chini na gari likatetemeka tu, mlio mzito, mshale haupandi. Akashuka gia ya pili ili lipate kupumua, nafasi ya kulipita lori ikawa imeshapita. Tuliburuzana nyuma ya lori lile mpaka juu, wote tumenyamaza. Baada ya mwezi mmoja alirudi nikamrudishia kamshafti zake za zamani. Tangu siku hiyo, mtu akiniomba kamshafti namuuliza kwanza ni mzunguko gani gari lake linaishi.

Najua mlio nao unavutia. Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 na kupiga kambi Naivasha, vijana wengi wanaokuja gereji wanataka gari lingurume kwa kusitasita likiwa limeegeshwa. Magari yale ya mbele yana turbo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini), na mipasuko yao ina chanzo kingine kabisa. Kusitasita kwa gari lenye kamshafti kubwa hutokana na valvu ya kuingiza na ya kutoa kuwa wazi kwa pamoja mwishoni mwa mpigo wa kutoa moshi. Kwa 272 mbili zilizopangwa kwenye digrii 110, kipindi hicho ni digrii 52. Mizunguko ikiwa ya chini, moshi uliokwisha kuungua unarudi upande wa hewa mpya, na injini inavuta mchanganyiko mchafu, inakosa mpigo mmoja, inashika mwingine.

Kwenye injini yako hilo lina madhara mawili. La kwanza ni kompyuta. 4A-FE yako haina kipima-wingi cha hewa. Inakisia hewa kwa sensa ya shinikizo la manifoldi. Kamshafti kubwa inapandisha shinikizo hilo na kulifanya liyumbe, kompyuta inadhani umekanyaga mafuta, nayo inamwaga petroli. Plagi zinakuwa nyeusi, gari linanuka petroli, na ulaji unapanda ukiwa kwenye foleni tu. Bila kupanga upya kompyuta kwa mtu mwenye vifaa vya kupimia, hakuna kamshafti kubwa inayofanya kazi vizuri hapo.

La pili ni breki, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini kwa sababu unabeba watoto. Busta ya breki, kile kifaa kinachousaidia mguu wako, inafanya kazi kwa tofauti kati ya hewa ya nje na vakyumu (mvuto wa hewa) ya manifoldi. Nakuru hewa ya nje ni kilopaskali 81. Injini ya kawaida ikiwa imeegeshwa inanguruma, manifoldi inaweza kuwa na 35, kwa hiyo busta ina 46 za kufanyia kazi. Kamshafti kubwa ikiipandisha manifoldi hadi 55, busta inabakiwa na 26. Huko juu Mau Summit, ambako hewa ya nje ni pungufu zaidi, inabaki kidogo kuliko hapo. Ukishuka na gia ikiwa imeingia na mguu umeuondoa kwenye mafuta, vakyumu inarudi na busta inapata nguvu. Ukishuka na gia huru, kama wafanyavyo baadhi ya madereva ule mteremko wa Salgaa ambao sote tunajua umeua watu wangapi, utakanyaga kanyagio gumu kama jiwe. Usishuke hivyo hata kwa injini ya kawaida.

Basi dawa ya mlima ni nini? Anza na injini uliyo nayo. Gari la umri huo ambalo "linachoka" mara nyingi lina ugonjwa, na kamshafti mpya haiponyi ugonjwa wa zamani.

Pima kompreshoni (mgandamizo ndani ya silinda), silinda zote nne, injini ikiwa moto, plagi zote zimetolewa, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Hapa kuna kosa linalofanywa hata na mafundi wazuri: wanasoma namba za kitabu zilizopimwa usawa wa bahari. Injini inayotoa pauni 180 Mombasa itatoa karibu 145 hapa Nakuru bila kuwa na kosa lolote. Nimeona injini nzima ikifunguliwa na kubadilishwa ringi kwa sababu geji ilisoma 145. Tazama zaidi silinda zinavyolingana. Zikipishana zaidi ya pauni 14 hivi, mimina kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena. Namba ikipanda, ni ringi. Ikikaa palepale, ni valvu au gasketi ya hedi.

Kisha angalia alama za taimingi. Mkanda ukiruka jino moja, gari bado litawaka na kutembea, lakini litakuwa limepoteza nguvu ya chini kabisa kama unavyonielezea. Jino moja linasogeza kamshafti digrii nyingi kuliko marekebisho yoyote ambayo mchongaji mwenye busara angekushauri. Angalia pia moto wa plagi: unganisha TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi, piga taa ya taimingi, unatakiwa uone digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Kwa hewa yetu nyepesi wengine wanaongeza mbili tatu, na injini inazipokea. Lakini wewe unashuka hadi Kisumu, kama mita 1130, ambako hewa ni nzito zaidi na joto ni kali. Ukisikia mlio wa kokoto ndani ya injini ukitoka Ahero na mzigo, rudisha 10.

Chujio cha hewa na vumbi letu sihitaji kulieleza. Eksosi iliyoziba ni jambo jingine: funga geji ya vakyumu, shikilia mizunguko 2500 kwa dakika moja, sindano ikianza kuanguka polepole, moshi hautoki vizuri.

Halafu kuna namna ya kupanda. Nguvu kubwa ya kuvuta ya 4A-FE iko karibu na mizunguko 4800. Wengi wetu tumefundishwa kwamba mlio wa juu ni kuiua injini, tunapandisha gia 2500 na kuanza mlima tukiwa tumeshachoka. Shuka gia kabla mlima haujakushika, ishike 3500 au 4000, iache ivute. Injini yenye oili nzuri na maji ya kutosha haiumizwi na hilo. Jaribu safari moja kabla hujatumia shilingi kwenye kitu chochote.

Ukishafanya yote hayo na bado moyo unataka kamshafti, sikukatazi. Ipo inayokufaa, nayo ni ndogo kuliko unavyofikiri. Ningetafuta kati ya digrii 248 na 256 kwa kipimo cha valvu kuanza kunyanyuka, vilele vya nundu vimetengana digrii 110 hadi 112 ili breki na kompyuta zipate vakyumu ya kutosha, na kimo kisichozidi milimita 8. Nashikilia kimo kuliko muda wa valvu kukaa wazi kwa sababu kimo kinafungua mlango zaidi bila kuchelewesha kuufunga. Valvu ya kipenyo cha milimita 30 ikinyanyuka 7 na nusu, nafasi iliyozunguka ukingo wake imeshalingana na uwazi wa valvu yenyewe. Ukienda mbali zaidi ya hapo faida inapungua na springi zinaanza kuteseka. Usitarajie farasi 25. Tarajia gari linalovuta kwa uhai zaidi kati ya 3500 na 6000 bila kupoteza chini, na hilo kwa mtu wa mlima lina thamani.

Kama utachongesha kamshafti za zamani badala ya kununua mpya, usichongeshe zile zinazotembeza gari. Tafuta jozi nyingine, uziweke zako kabatini zikiwa zimepakwa oili. Kuchonga kunapunguza mduara wa msingi wa nundu, kwa hiyo nafasi ya valvu inakuwa kubwa na utahitaji shimu nene, yaani vile visahani vya chuma vya kurekebisha nafasi hiyo. Injini yako ina shimu inayokaa juu ya kikombe kinachosukuma valvu. Nundu yenye kimo kikubwa mno na mwinuko mkali inaweza kuirusha shimu hiyo nje kwa mizunguko ya juu, na ikiruka inavunja kila kilicho karibu. Ndiyo sababu nyingine ya kukomea 8.

Ufungaji ndio unaotenganisha fundi na mbahatishaji. Ile gia ya kati ya kamshafti ni mbili zilizobanana kwa springi ili zisipige kelele. Kabla ya kuitoa lazima uifunge kwa boliti ya milimita 6 kwenye tundu lake, la sivyo inajiachia na alama hazitakutana tena. Kofia za kamshafti zilegezwe kidogo kidogo kwa zamu, kamshafti ikae sawa inapopanda. Ikiinama upande mmoja, inapasua hedi kwenye sehemu inayoizuia kusogea mbele na nyuma, na hedi iliyopasuka hapo ni ya kutupwa.

Kabla ya kuwasha, pima nafasi kati ya valvu na pistoni. Weka kipande cha ule udongo laini wa watoto wa shule juu ya pistoni, paka oili kidogo usinate, funga hedi, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, fungua, kata udongo kwa wembe na upime pale palipobanwa zaidi. Upande wa kuingiza nataka milimita 2, wa kutoa 2 na nusu. Usinijibu kwamba 4A-FE hata mkanda ukikatika valvu hazigongi. Hiyo ni kwa nundu za kiwandani. Ukibadilisha nundu, ahadi hiyo imefutika. Hakikisha pia valvu ikiwa wazi kabisa, koili za springi bado zina nafasi ya milimita 1 na zaidi kwa jumla kabla hazijagusana.

Siku ya kuwasha, nundu na vikombe vipakwe mafuta mazito ya kufungia injini, na injini ikishika tu ipelekwe mizunguko 2000 na iachwe hapo dakika 20. Usiiache ingurume polepole ukiisikiliza mlio wake, kwa sababu hapo ndipo nundu mpya zinaposagika: oili inayorushwa ni chache na mgandamizo wa springi uko juu. Badilisha oili baada ya hapo, na uirekebishe tena nafasi ya valvu baada ya kilomita 1000.

Wenye Corolla mpya zaidi zenye VVT-i, hasa 1NZ-FE, wameniuliza swali kama lako mara nyingi. Kwenu kiwanda kimeshafanya kazi hii: kamshafti ya kuingiza inasogezwa yenyewe kulingana na mzunguko, ikiwa chini inafunga mapema, ikiwa juu inachelewa. Safisheni kichujio cha valvu ya oili inayoisogeza na msiguse kingine.

Wewe wa Lanet, kabla ya safari ijayo ya Kisumu, pima kompreshoni na uniandikie namba zote nne kwa mpangilio, ukianzia silinda iliyo upande wa mkanda. Andika pia ulipimia wapi, kwa sababu namba za Nakuru na za Kisumu sitazisoma kwa jicho moja.